Mshale Ulipolala Kulia

Siku Avelina alipoitoboa ekzosi ya pikipiki ya mumewe, mama mkwe wake alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani bati la nyumba linang'oka.

"Mnaua nini huku?" Coleta aliuliza.

"Hatuui kitu, mama," Avelina alijibu bila kuinua kichwa. "Natoboa ekzosi. Naweka kidude cha kupima pumzi ya injini."

"Pumzi?"

"Moshi wake, mama. Kinanusa moshi, kinasema kama ndani petroli imezidi au hewa imezidi."

Coleta alimgeukia mwanawe, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimshikia mkewe bomba lisicheze. "Na wewe Leonsi umeshika tu? Chombo kizima, kinatembea, kinatulisha, kinatobolewa tundu, na wewe umeshika?"

"Fundi ni yeye, mama."

"Fundi," Coleta alisema, akarudi kwenye moto wake.

Kwamba Avelina alikuwa fundi, hakuna aliyebisha pale mtaani. Alisomea chuo cha ufundi, akafaulu, na kibanda chake cha mabati kando ya nyumba kilikuwa na spana zake mwenyewe. Ila watu walimletea pancha na minyororo iliyolegea. Injini walizipeleka kwa Mzee Loth, karibu na soko. Hata wenzake Leonsi wa kijiwe cha bodaboda, waliokwisha kula ugali kwenye sahani za Avelina, pikipiki zao zikizimika walizisukuma mbele ya kibanda chake, wakamsalimia vizuri, wakaendelea kusukuma hadi kwa Loth.

Ufipa ni juu. Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi, na pikipiki ya hapa fundi huipunguzia petroli ili ilingane na hewa hiyo. Ukiishusha vivyo hivyo mpaka ziwani, Kabwe, inakutana na hewa nzito. Hewa inakuwa nyingi, petroli haitoshi, injini inaungua kimyakimya na dereva hana habari. Ndivyo injini ya Leonsi ilivyonoki mwaka uliopita. Alirudi nyumbani juu ya lori, ameketi kwenye magunia ya dagaa, pikipiki imelazwa pembeni yake na kufungwa kamba. Avelina alipoifungua alikuta pistoni imelika ubavuni kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni la maji. Tangu siku ile hakutaka tena kukisia. Aliagiza geji Dar es Salaam, ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu: saa nyeusi ya duara yenye mshale mmoja, waya, na sensa ya kuchomeka kwenye ekzosi. Mshale ukilala kushoto, petroli imezidi. Ukilala kulia, hewa imezidi. Ukisimama katikati, injini inapumua sawasawa.

Alimpelekea mchomeleaji bomba, akaweka nati juu ya lile tundu, sensa ikakaa. Lililobaki ni kurudisha ekzosi mahali pake. Pale mdomoni, ekzosi inapoungana na injini, huwekwa pete ya shaba ya kuziba. Pete hiyo hubanwa mara moja tu. Ukiifungua, unaweka nyingine. Avelina alilijua hilo kuliko alivyojua sala ya jioni. Lakini dukani pete zilikuwa zimeisha, na Leonsi alikuwa amekwisha kuvaa koti na kutazama barabarani mara kadhaa. Akaichukua ileile ya zamani, akaifuta kwa kitambaa, akaibana kwa nguvu zake zote.

Injini ilipowaka, mshale ulilala kulia.

"Unaona?" alimwambia mumewe, na furaha ikamjaa usoni. "Hewa imezidi hata hapa hapa juu. Ndiyo maana ilikuwa inaungua. Loth amekuwa akikunyima petroli miaka yote hii."

Akafungua kabureta, akabadilisha kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, akaweka kikubwa zaidi. Mshale ukasogea kidogo. Akainua na sindano inayopimia petroli. Mshale ukafika katikati, ukatulia. Leonsi aliinama nyuma ya pikipiki, akakunja uso.

"Inanuka petroli."

"Pua yako na geji, nani mkweli?" Avelina aliuliza akicheka. Leonsi naye akacheka, akaondoka.

*

Siku chache baadaye, asubuhi, Hilaria alikuja mlangoni akiwa amejifunga kanga vibaya na simu imo mkononi inaendelea kuongea. Alikuwa mjane, muuza ulezi sokoni, mwanajumuiya mwenzao; Coleta alimwita dada ingawa hawakuzaliwa pamoja. Mdogo wake wa mwisho, Eustaki, mvuvi wa Kabwe, alikuwa amelala na homa na hakuamka.

"Wanamzika leo," Hilaria alisema. "Kule joto. Hakuna pa kumhifadhi. Wamesema watanisubiri mpaka jua lianze kuinama, lisizidi hapo. Na basi limeshaondoka."

Coleta hakumwuliza mwanawe. "Leonsi, vaa. Mpeleke mama yako."

Leonsi alikuwa ameshaanza kuvaa. Avelina aliikagua pikipiki haraka: mnyororo, breki, upepo wa matairi. Akaiwasha, akautazama mshale. Katikati. Akamvuta mumewe pembeni.

"Mkianza kuteremka kwenda ziwani, hewa itaongezeka. Itazame geji. Ukiona mshale umelala kulia, vuta choki kidogo upate petroli. Usisubiri ichemke."

"Nikiona umelala kulia, navuta choki," Leonsi alirudia, kama mtu anayetumwa dawa.

Hilaria alipanda nyuma akiwa na mfuko mmoja wa rambo. Ndani mlikuwa na shuka jeupe alilotaka Eustaki afunikwe nalo.

*

Leonsi hakupatikana kwenye simu mchana ule wala jioni. Alirudi kesho yake, peke yake, vumbi limemganda mpaka kwenye kope. Alikunywa maji, akakaa juu ya ile ndoo, na Avelina akasimama mbele yake bila kuuliza.

"Tulipita Namanyere vizuri," Leonsi alisema. "Tukaingia barabara ya vumbi. Kabla hata hatujaanza kuteremka, ikaanza kukohoa. Nikatazama saa yako. Mshale umelala kulia."

"Kulia?"

"Kulia kabisa. Nikavuta choki kama ulivyosema. Ikazidi kukohoa. Nikavuta yote. Ikazima."

Alifungua plagi, akaikuta nyeusi na imelowa. Akaisugua kwenye jiwe, akaikausha kwa kiberiti, akairudisha. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima. Akaweka plagi ya akiba, nayo ikalowa. Hakuna mtandao, hakuna gari. Walisukuma. Yule mama alisukuma kwa nyuma, viatu akavivua akavitia kwenye mfuko pamoja na shuka, kwa kuwa vilikuwa vinamponyoka. Pikipiki iliyowakuta mwishowe ilikuwa na mtu na mitungi miwili ya gesi. Dereva akashusha mitungi na mwenye mitungi, akampakia Hilaria.

"Mimi nilifika usiku, nikisukuma na kusugua plagi," Leonsi alisema. "Yeye alifika watu wanaosha majembe."

Avelina aliitazama pikipiki iliyokuwa imeegemea ukuta.

"Nauli nilikataa," Leonsi aliendelea. "Nikamwambia, mama, nauli gani tena. Hakubishana na mimi. Asubuhi nikaikuta imewekwa juu ya siti ya pikipiki, yote, na kijiwe juu yake isipeperuke."

*

Habari ilifika kijiweni kabla ya mwenyewe. Felisian, mwenyekiti wa kijiwe, alimwita Leonsi mbele ya wenzake kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi.

"Mshikaji, watu wanasema umembeba mfiwa na pikipiki ya majaribio."

"Ilikuwa plagi," Leonsi alisema.

"Plagi mbili?"

"Plagi mbovu. Nilinunua feki. Sio kitu kingine."

"Na ile saa ya shemeji?"

"Saa haihusiani. Naapa, mwenyekiti. Plagi."

Wakakubali, maana ameapa. Lakini abiria walianza kumruka. Mtu anasogea, anaiona ile saa kwenye usukani, anakumbuka kuwa ana shida upande mwingine wa foleni. Kijana mmoja aliibatiza pikipiki ile jina la "darasani", na jina likashika.

Avelina aliyasikia hayo kwa mke wa Felisian, bombani, akijaza ndoo. Alilisikia pia lile la kuapa. Mumewe, ambaye hakuwahi kuapa hata alipozushiwa mwanamke, ameapa kwa ajili ya plagi.

Hilaria aliporudi mjini, jumuiya ilikwenda kwake kusali. Avelina alikwenda na Coleta, amejitwisha unga. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni. "Milele amina," wanawake walijibu, na mmoja akaupokea unga wake na kuuweka, si pamoja na wa wenzake, bali chini ya meza, karibu na viatu. Labda nafasi ilikuwa imejaa. Avelina aliitazama ile meza wakati wote wa rozari, naye hakuweza kuamua kama ilijaa.

Mtu mmoja alianza kumnung'unikia Leonsi. Hilaria akamkata. "Leonsi hana kosa. Alisukuma mpaka viganja vikachubuka. Ni chuma tu kile. Chuma hakijui msiba."

Njiani kurudi, Coleta alimsemesha mkwewe kwa Kifipa, lugha aliyomwekea kwa mambo ya ndani. Alimwambia kwamba Mungu amewasaidia, neno limekwisha, na kwamba lile lidude litolewe kesho.

*

Alilitoa kweli. Leonsi mwenyewe naye alikuwa amemwambia, bila ukali, "Mama Flavi, ling'oe tu, tupumzike." Avelina aliichukua spana akachuchumaa upande wa ekzosi, na hapo, pale mdomoni, chini ya nati, akaona masizi. Yalikuwa yamechora ulimi mweusi kutoka kwenye ungio mpaka kwenye mapezi ya injini. Moshi ulikuwa unatokea pale. Na palipo na njia ya moshi kutoka, hewa ya nje nayo hupata njia ya kuingia.

Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi.

Geji haikusema uongo. Ilionyeshwa hewa iliyokuwa ikivutwa kupitia pete kuukuu, ikasema hewa ni nyingi, na yeye akaimwagia injini petroli isiyoihitaji. Kila alipoongeza, akajisifu. Hata plagi ilipokwisha kulowa, na petroli mbichi na hewa vikawa vinapita bila kuungua, mshale ulilala kulia vilevile, na Leonsi akavuta choki kama alivyofundishwa. Alifanya kila kitu sawasawa. Aliyemfundisha ndiye aliyekosea.

Aliifuta mikono, akaenda kwa Mzee Loth kuulizia pete ya shaba.

"Shikamoo."

"Marahaba, fundi." Loth alikuwa hamwiti hivyo kwa dhihaka, aliwaita hivyo wote, hata wauza karanga. Akafukua kwenye kopo lake, akampa pete mbili. "Ya pili weka akiba. Ilikuwa inavuja?"

"Ilikuwa inavuja, mzee. Uliisikia ilipopita hapa?"

"Mimi?" Loth alicheka, akajigusa sikio. "Mimi siku hizi sisikii hata honi. Watu wanadhani natuni kwa sikio. Natuni kwa kushika bomba, na kwa kubahatisha. Ile ya mumeo ya mwaka jana niliituni mimi, ikafa Kabwe. Hukuja kunigombeza."

"Nilitaka kuja."

"Najua. Nilikuwa nakusubiri." Akafunika kopo. "Ukishaifunga vizuri, ilete niione hiyo saa inavyofanya kazi."

Nyumbani, badala ya kuing'oa geji, Avelina aliweka pete mpya, akawasha. Mshale ulianguka kushoto mpaka mwisho, ukabaki umelala pale. Moshi mweusi ulitoka nyuma. Aliutazama kwa muda, kisha akazima, akarudisha kile kitundu kidogo cha zamani, akashusha sindano, akaenda kunawa.

*

Hilaria alikuwa uani, anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda."

Avelina hakukaa. "Mama, pikipiki siku ile haikuharibika yenyewe. Niliiharibu mimi."

Hilaria aliendelea kupepeta. "Leonsi alisema plagi."

"Plagi ilikufa kwa sababu yangu. Nilifunga ekzosi kwa pete kuukuu, ikawa inavuta hewa ya nje. Saa ikanionyesha hewa ile, mimi nikaongeza petroli. Nikaongeza mpaka injini ikazama. Na ile choki aliyovuta njiani, nilimfundisha mimi."

"Sijaelewa hata kimoja. Pete, choki. Niambie hili tu: ungeweka hiyo pete mpya, ningefika?"

"Ungefika, mama."

Ungo ulisimama. Kuku mmoja alisogea, akaona hakuna anayemfukuza, akaanza kudonoa.

"Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Kwa sababu Leonsi amebeba lawama isiyo yake."

"Mimi sikumlaumu Leonsi. Nilisema ni chuma. Chuma hakina mama, hakina jirani, nikakilaani nikamaliza. Sasa umekuja kujitua mzigo, umenitwisha mimi. Nikukasirikie wewe? Wewe uliyekuwa unaniletea uji nilipolazwa? Au nisikukasirikie, nimsahau Eustaki?"

Avelina alibaki amesimama kando ya kigoda.

Hilaria alimfukuza kuku, akauweka ungo chini. "Unajua wanasema nini kule? Scola, mke wa marehemu, alimwambia mtu, mtu akanipigia simu. Wanasema dada wa mjini alikataa kuja. Kwamba nilikuja jioni makusudi, msiba umekwisha, nisichangie hata jasho. Nilipowaeleza habari ya pikipiki, walitazamana. Mimi niliyemlea mgongoni."

"Mama..."

"Utanipeleka. Wewe, sio mumeo. Mumeo atasema plagi. Wewe utasimama mbele ya Scola na wazee wao, useme haya uliyoyasema hapa. Yote. Hata hiyo pete."

*

Leonsi alirudi jioni, akaegemea mlango wa kibanda.

"Mama anasema umekwenda kwa Mama Hilaria."

"Nimekwenda."

"Ukasema."

"Nikasema."

"Felisian nimemwapia mbele ya watu. Sasa mimi ni nani, Mama Flavi? Mimi ni mwongo wa kijiwe."

"Hukuniuliza kabla ya kuapa. Uliapa kwa ajili yangu."

"Niliapa kwa ajili ya hiki kibanda!" Alipiga bati kwa kiganja, spana zikalia kwenye misumari. "Wanakuletea pancha. Nani atakuletea hata pancha sasa?"

Aliingia ndani. Coleta, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, aliuambia ukuta kwamba mwanamke kuendesha pikipiki mpaka Kabwe ni habari ambayo yeye hajapata kuisikia, na kwamba angetaka afe bila kuisikia. Kwa siku zilizofuata watu wa nyumba ile walisemeshana kwa chumvi na maji: lete chumvi, maji yamekwisha. Mtoto wao Flavian tu ndiye aliyepiga kelele kama kawaida.

Siku ya safari, alfajiri, Avelina alipotoka alikuta matairi yamejazwa upepo na mnyororo umepakwa oili. Leonsi alikuwa amesimama pembeni, amevaa shati tu katika baridi ile ya kiangazi. Koti lake alikuwa amelitundika kwenye usukani, na mfukoni mwake kulikuwa na plagi mpya iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Vaa," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza lisilohusu chumvi.

*

Walipanda na kushuka mabonde ya Ufipa, mashamba yaliyovunwa yakiwa yamebaki mabua, upepo ukiwapiga mbavuni. Hilaria hakusema kitu mpaka Namanyere. Hapo walikunywa chai, akalipa yeye, akapanda tena. Kwenye barabara ya vumbi alimgusa Avelina begani na kumwonyesha mahali pasipo na chochote, mti mmoja na kichuguu.

"Hapa ndipo nilipovua viatu."

Avelina alipunguza mwendo mpaka wakapapita.

Mteremko ulipoanza, joto nalo likaanza kupanda kutoka chini, na mbali, kati ya vilima, ziwa likaonekana. Mshale ulianza kusogea kulia, polepole. Avelina alisimamisha, akazima, akaushika mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, akauchunguza pande zote. Pakavu, hakuna masizi. Hapo ndipo alipofungua kabureta, akainua sindano kidogo.

"Inasema nini hiyo?" Hilaria aliuliza kutoka kwenye jiwe alilokalia.

"Inasema hewa imekuwa nzito, mama. Tunashuka. Huku hewa ni nyingi kuliko kwetu."

Hilaria alilifikiri jambo hilo. "Ndiyo maana. Nilimwomba Eustaki aje akae na mimi mjini, aache maji. Alikuja, akakaa wiki, akasema dada, huku kwenu juu hakuna hewa, nitakufa. Nikamcheka. Nikadhani ni uvivu."

Avelina alifunga kabureta. Waliposhuka tena, mshale ulikuwa umesimama katikati, naye hakuuamini mpaka alipokuwa amesimama mara nyingine mbili kushika bomba.

*

Kabwe, nyumbani kwa marehemu, watu walikuwa wachache, wameketi kwenye kivuli cha ukuta. Scola alikuwa amefunga kitambaa cheusi. Wazee wawili wa ukoo walikuwa kwenye mkeka. Salamu zilikuwa fupi. Hilaria alipewa kigoda, Avelina hakupewa, na hapo hapo Hilaria akasema, "Huyu ana maneno."

Avelina alisema akiwa amesimama, mikono nyuma. Alisema jina lake, na kwamba yeye ni fundi. Akaieleza pete. Alipofika kwenye petroli mzee mmoja alicheka kidogo, si kwa ubaya, akauliza, "Mwanamke ndiye aliyeituni?" Avelina akajibu, "Ndiyo, baba. Na ndiye aliyekosea." Mzee hakucheka tena. Akaeleza choki, akaeleza kusukuma.

Scola ndiye aliyesema wa kwanza. "Kwa hiyo tulipokuwa tunamfukia..."

"Alikuwa njiani. Anasukuma pikipiki."

"Yeye mwenyewe? Na miguu ile inayomwuma?"

"Pekupeku," Avelina alisema.

Scola aliitazama miguu ya Hilaria, na wazee nao wakaitazama. Hilaria aliivuta chini ya kitenge chake.

"Wifi," Scola alisema, "nilisema maneno mabaya juu yako."

"Niliyasikia. Yalifika mjini kabla yangu."

Hakukumbatiwa mtu. Scola aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili, akakiweka karibu na Avelina. Kisha akaenda kuteka maji.

Simu ya Avelina iliita wakati wanasubiri chakula. Alisogea kando ya nyumba.

"Mmefika?" Leonsi aliuliza.

"Tumefika."

"Injini?"

"Unaweza kuishika kwa kiganja."

Kwa nyuma zilisikika pikipiki, na mtu akimwita abiria. Alikuwa kijiweni.

"Nimewaambia," Leonsi alisema.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba ilikuwa pete. Felisian amekasirika. Amesema nikae nje ya foleni wiki hii." Akakohoa. "Yule kijana aliyeiita pikipiki darasani ameuliza kama ukirudi utaitazama yake. Anasema inakula sana petroli. Nikamwambia aulize mwenyewe."

*

Jua lilipopungua ukali walikwenda makaburini, wanawake watatu. Kaburi la Eustaki lilikuwa jipya bado, msalaba wa mbao umeandikwa kwa rangi ya mtumbwi, ya buluu. Hilaria alilitandaza lile shuka jeupe alilochelewa nalo juu ya tuta, lote, akakunja pembe zake vizuri kama anayetandika kitanda cha mtoto. Upepo wa ziwa ukalishika, likataka kuruka. Scola akaweka jiwe upande wake. Halikutosha.

Hilaria alipiga magoti, akachota udongo kwa mikono, akaumwaga juu ya shuka kwenye pembe moja, kisha nyingine. Alifanya taratibu, bila kulia, kama mtu aliyeahirishiwa kazi na sasa ameipata. Scola alimwacha. Alipofika katikati alisimamisha mikono, akageuka.

"Na wewe tia," alisema.

Avelina hakuwahi kumwona Eustaki akiwa hai. Alipiga magoti upande wa pili, akachota udongo kwa viganja viwili vyenye oili kwenye kucha, akaumwaga juu ya kitambaa kile cheupe, kisha akainua macho kumtazama Hilaria, aone kama unatosha.